Shaba ya bodi yako imekwenda wapi?

Umechapa mchoro wa saketi kwa printa ya leza, ukaupiga pasi juu ya bodi ya shaba. Wino wa leza ni unga wenye plastiki: ukiyeyuka unaing'ang'ania shaba na kuikinga. Ukiitumbukiza bodi kwenye feriki kloraidi, shaba iliyo wazi, nene kama mikromita 35 tu, inaliwa.

Inaliwa, lakini haipotei! Imo ndani ya yale maji, na kwa samaki ni sumu hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo usiyamwage kwenye sinki (bomba la chuma nalo litaliwa). Vaa glavu na miwani, nenda nje, tia magadi kidogo kidogo kwenye ndoo ya plastiki mpaka povu likome. Tope litakalotuama ndilo lenye shaba. Lihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, lisifike mtaroni.