Burleski: uchi au ulimi?

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha. Mwezi uliopita nduguyangu alinijia nyumbani baada ya sala ya isha, uso umemkunjana. Hakutaka kahawa wala tende. "Kaka," akasema, "bintiyo ataka kututia aibuni."

Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako, kwa hivyo nilijua anamsema binti yake wa pili, ambaye asoma sanaa ya maigizo katika chuo kimoja huko Nairobi. Mwalimu wao amewapa kazi ya kutunga mchezo kwa mtindo uitwao burleski. Binti ameamua kuvaa kanzu, koti na kofia ya vito, ajichore masharubu kwa masizi, na aigize mzee mheshimiwa anayewakemea wanawake barazani hali mambo ya nyumbani kwake hayasemeki.

Nduguyangu alikwisha kuuliza watu burleski ni kitu gani, akaambiwa ni wanawake wa Kizungu kuvua nguo jukwaani. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu, aliniomba nimwandikie binti barua ya kumkataza. Nilikubali. Lakini mtu hakatazi asilolijua, basi nikaanza kwanza kusoma.

MFALME MWENYE SAUTI YA KIKE

Neno lenyewe latokana na Kiitalia, burla, maana yake mzaha au dhihaka. Kwa muda mrefu burleski ilikuwa ni utungo au mchezo wa kukiiga kitu kizito ili kukichekesha: mfalme aseme kama mchuuzi, na mchuuzi aseme kama mfalme. Habari ya kuvua nguo haikuwamo.

Mwaka 1868 bibi mmoja Mwingereza, Lydia Thompson, alivuka bahari na kundi lake la wanawake hadi New York. Mchezo wao wa kwanza huko uliitwa Ixion, kisa cha mfalme wa hadithi za kale za Kiyunani. Mfalme huyo aliigizwa na Lydia mwenyewe. Wanawake walishika nafasi za wanaume, wakatembea kama wanaume, wakatia humo mizaha juu ya wakubwa na mambo ya siku zile. Mavazi yao yalionyesha umbo la miguu, na kwa zama zile hilo lilikuwa jambo kubwa. Watu walijaa ukumbini.

Magazeti yaliwasifu kwanza, kisha yakawageukia. Mwandishi mashuhuri William Dean Howells aliandika mwaka 1869 kwa kuwashangaa wanawake hawa ambao kwake hawakuwa wanaume wala hawakuwa wanawake. Nami nikajiuliza: ni miguu tu iliyowaudhi mabwana wale, ama ni kule kumwona mwanamke akiwaiga na umati ukicheka?

Huko Chicago mhariri wa gazeti moja, Wilbur Storey, aliwaandika kana kwamba ni wanawake wasio na heshima. Mwezi wa Februari 1870 Lydia na wenzake walimvizia njiani, wakamtia mjeledi. Walipelekwa mahakamani wakatozwa faini. Simsifu mtu kwa kupiga mwenziwe, lakini nimekielewa kisa: mwanamke alikuwa akitetea jina lake.

MANENO YAKAPUNGUA

Baada ya hapo mchezo ulibadilika polepole. Ulitoka katika mikono ya akina Lydia ukaingia katika mikono ya wenye kumbi. Kulikuwa bado na wachekeshaji hodari, kama Fanny Brice na wale wawili Abbott na Costello, ambao wote walipitia jukwaa la burleski. Lakini sinema na redio ziliwavuta wachekeshaji wazuri. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 kilichokuwa kikiuza tiketi ni mwanamke kuvua nguo moja moja. Dhihaka ilikuwa imegeuka kuwa kitoweo tu.

Hata hapo alikuwako mmoja aliyekataa kunyamaza. Gypsy Rose Lee, aliyepata umaarufu katika kumbi za ndugu wa Minsky huko New York, alivua kidogo na kusema sana. Watu walikuja kumsikia akifanya mzaha juu ya wasomi na matajiri, na mwaka 1941 akatoa kitabu chake cha hadithi ya upelelezi. Lakini mwaka 1937, chini ya Meya Fiorello La Guardia, mji ule ulikuwa umekataa kuzipa leseni kumbi za burleski, hata neno lenyewe likapigwa marufuku kuandikwa milangoni.

Ubishi haukuisha. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kucheza uchi kuna chembe ya uhuru wa mtu kutoa maoni yake, lakini serikali ya jimbo yaweza kulazimisha mchezaji ajifunike. Na katika miaka hiyo ya 1990 wanawake wa New York na kwingineko waliifufua burleski, safari hii wengi wakiongoza maonyesho yao wenyewe, na kurudisha ile dhihaka ya zamani. Kuvua nguo hawakuacha. Hapo mimi nao njia panda; dini yangu na malezi yangu hayaniruhusu kusema vinginevyo.

KWA SHANGAZI

Nikiwa na hayo kichwani nilikwenda Kibokoni kumwamkia shangazi yetu, ambaye umri wake wakaribia miaka tisini. Nilimweleza habari ya binti. Nilidhani atasema astaghafirullah. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu," akasema, "wadhani sisi katika lelemama tulikuwa tukifanya nini?"

Wasomaji wangu wa umri mkubwa watakumbuka. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilikuwa na vyeo, sare na mashindano makali. Ibinaal Watan na Banu Saada ni majina yaliyotikisa mji. Mwanachuoni Margaret Strobel ameyaeleza katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichotolewa mwaka 1979, na jinsi nyimbo zile zilivyotumika kumfichua mwenye mwenendo mbaya. Wanaume nao walikuwa na beni yao, wakivaa kama maofisa wa Kizungu na kujipa vyeo vyao.

Shangazi alinisimulia kisa kimoja. Bwana mmoja wa mtaani alichukua bangili za dhahabu za mkewe akalipia deni la kamari. Mke hakuwa na pa kushtaki. Siku ya arusi, ndani ya ua uliofungwa, wanawake watupu, shangazi alivaa kanzu na koti, akashika bakora, akatembea akichechemea vile vile kama bwana yule. Wenzake wakaimba beti walizozitunga usiku. Jina halikutajwa.

"Ijumaa ya pili," shangazi akasema, "bangili zilirudi mkononi mwa mwenyewe."

Sasa niambie, ndugu msomaji, hiyo si burleski? Tena ni ile ya asili, kabla haijavuliwa nguo. Wanawake wetu walikuwa na uhuru wa kusema, na ukuta wa ua ndio uliowapa stara ya kusema. Hawakuonyesha mwili kwa wasiohusika, ila neno liliruka ukuta likamfikia aliyehusika.

Nilimwuliza kwa nini yamekwisha. Alinijibu kwa habari ya chakacha, ngoma ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, ambayo ilitolewa uani ikapelekwa mahotelini kuwachezea watalii. "Wale wageni wajua Kiswahili?" akaniuliza. "Basi beti za nini? Watachukua kiuno, maneno watayaacha."

Hapo nilinyamaza, maana niliiona New York mbele yangu. Ngoma ikinyang'anywa maneno, hubaki kiuno. Na kikishabaki kiuno peke yake, watu wale wale waliolipa kukitazama ndio wa kwanza kusema ngoma haina adabu.

BARUA

Barua niliyoahidi sikuiandika. Nilimwandikia nduguyangu badala yake, nikamweleza kwamba bintiye atakuwa amejifunika tangu shingo hadi vifundo vya miguu. Alinijibu kuwa ipo hadithi ya Mtume inayowakataza wanawake kujifananisha na wanaume. Kweli ipo, na hukumu yake nawaachia masheikh, si mimi. Nikapendekeza njia ya kati: mchezo uonyeshwe mbele ya wanawake pekee, kama enzi za shangazi.

Binti mwenyewe alinipigia simu. "Ami," akasema kwa adabu, "huyo mzee ninayemsema ataambiwa na nani, naye hatakuwako?"

Nilimjibu kwa kisa cha bangili. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza beti zile zilikuwa zikisemaje. Shangazi azikumbuka zote, na siku mbili mfululizo wamekuwa wakiongea kwa simu, binti akiandika.

Nduguyangu bado hajakubali, wala simlaumu. Mzazi ana haki ya kuogopa macho ya watu. Lakini juzi shangazi aliniita akanipa kitu kirefu kilichofungwa ndani ya leso, nikipeleke kwenye basi la usiku la Nairobi. Niliishika tu nikaitambua. Ni ile bakora.

Nduguyangu hana habari. Ataijua akisoma hapa, na leo nangojea abishe mlango baada ya isha.