Wiski ya Irlandi iliyolala ndani ya pipa la divai tamu, na swali la mujomba wangu

Bushmills ni kijiji kidogo cha Antrim, Irlandi ya Kaskazini, karibu na bahari. Asubuhi ile mvua ya manyunyu haikukatika, na mujomba wangu, anayekaa Belfast tangu miaka mingi, alikuwa amevaa koti lake la kwendea misa. « Mujomba, leo nitakuonyesha lutuku ya wazungu », aliniambia. Ulikuwa muzaha, lakini nusu tu.

Kwenye meza walitupangia vilauri vinne. Tulichokifuata ni kile cha tatu: Bushmills ya miaka 16, wiski ya shayiri tupu, yenye alkoli asilimia 40. Shayiri wanaiotesha kidogo kisha wanaikausha, sawa na vile mama zetu wanavyootesha mahindi au mutama mbele ya kupika pombe. Kiisha wanaichachusha na kuitonesha mara tatu. Inapotoka ni nyeupe kama maji, na kama ingekuwa kwetu ingenywewa jioni ileile. Kule sheria inakataza: haiitwi wiski ya Irlandi mpaka ilale ndani ya mapipa ya mbao kwa miaka 3, na ilale kwenye kisiwa hicho.

Hii ililala 16. Sehemu yake ilikuwa ndani ya mapipa yaliyobeba wiski ya Marekani, ingine ndani ya mapipa ya sherry, divai ya Hispania. Halafu wakazichanganya na kuzimwaga ndani ya mapipa makubwa ya porto, divai tamu ya Ureno, kwa miezi kama sita hadi tisa. Hiyo miezi ya mwisho ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Porto ni tamu kwa sababu wenye kuitengeneza wanakatiza kazi katikati. Maji ya zabibu yakiwa bado yanachachuka, mbele sukari yote haijageuka alkoli, wanamwaga ndani pombe kali ya zabibu. Chachu inakufa, sukari inabaki. Divai hiyo ikikaa miaka ndani ya pipa, mbao zinainywa. Kila mama wa Kivu anayajua hayo bila kufundishwa: chukua bidoni iliyobeba mafuta ya mawese, ioshe hata mara tano, tia maji, onja. Mawese bado iko. Wiski nayo, kwa sababu ni kali, inavuta kutoka kwenye mbao kile ambacho divai iliacha.

Kijana aliyetumiminia alisema tusinywe haraka. Kwanza rangi, yenye wekundu kidogo kama chai ya rangi iliyokolea. (Rangi isikudanganye: sheria yao inaruhusu kutia karameli, kwa hiyo macho siyo shahidi muzuri.) Kisha pua, kinywa kikiwa wazi kidogo ili ukali usikuchome. Nilipata asali, karanga zilizokaangwa, na nyuma yake kitu kama matunda yaliyokaushwa. Kinywani ilianza laini, karibu tamu, halafu ikakauka kwenye ulimi kama kakao isiyo na sukari, na joto likashuka polepole kifuani. Matone mawili ya maji yakaifungua zaidi, matunda yakaja mbele. Kusema kweli, kilauri cha kwanza, cha wiski yao ya bei rahisi, kilinionekea kitupu baada ya hapo. Lakini kile cha nne kilikuwa kitamu kupita kiasi, mimi nilikiacha.

Mujomba hakusema kitu. Alinusa, akanusa tena. Kisha akauliza kama nao wanatupa ile inayotoka kwanza.

Kijana akajibu kwamba hawaichanganyi na ya kunywa. Ile ya kwanza wanaiita kichwa, wanaitenga.

« Mama aliimwaga inje, nyuma ya jiko », mujomba akasema. « Alisema ile inapofusha macho. »

Tate mwanamuke alipika lutuku kwa mahindi na mihogo, katika pipa la mafuta lililokatwa na bomba la shaba lililopita ndani ya maji baridi. Ndiyo iliyolipa minervali ya watoto sita. Mara mbili walimukamata, mara ya pili wakachukua bomba na pipa, na mwaka ule mujomba hakuenda masomo. Kwetu pombe hiyo bado inakatazwa, na bado inapikwa. Na ikiwa na sumu ndani, watu wanapofuka au kufa.

Hata Wairlandi walipitia njia hiyo. Mwaka 1608 mfalme wa Uingereza alitoa ruhusa ya kutonesha pombe katika eneo hili la Bushmills. Ruhusa hiyo alipewa bwana mumoja mukubwa, siyo wanakijiji. Mwaka 1661 ikaja kodi juu ya pombe kali, na mukulima aliyepika yake nyumbani bila kulipa akageuka mukosaji. Pombe hiyo, poitín, ilipikwa milimani kwa kujificha. Katika Jamhuri ya Irlandi ni mwaka 1997 tu ilipoanza kuuzwa wazi. Leo iko madukani, ndani ya chupa nzuri, na Umoja wa Ulaya unalinda jina lake.

Mujomba alisikiliza hayo yote mikono ikiwa mifukoni. « Miaka zaidi ya mia tatu », akasema. « Na nani alilipa yale mabomba waliyochukua? »

Kijana alicheka kidogo, kwa adabu. Hakuwa na jibu.

Dukani chupa ya miaka 16 ilikaribia dola 100. Sehemu ya bei hiyo ni hewa: kila mwaka karibu asilimia 2 ya wiski inapotea kupitia mbao, wao wanaiita fungu la malaika, na baada ya miaka 16 zaidi ya robo ya pipa imekwenda. Mujomba aliishika chupa, akasoma maandishi yote, akairudisha mahali pake.

Tulipokuwa tunatoka, alirudi mezani akaniita. Alinipa kilauri chake kitupu. « Nusa sasa, mujomba. » Wiski ilikuwa imekwisha, na ndani ya kilauri kikavu ilibaki harufu ya zabibu.