Hewa ya Golf na kisahani kinachokataa kuelea

Mpira wa gofu unaipenda Lubumbashi. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mpira mdogo, mzito, uliopigwa kwa nguvu hukutana na upinzani mdogo njiani, ukaenda mbali. Wanaocheza kwenye uwanja ulioupa mtaa wa Golf jina lake wamezoea zawadi hiyo. Lakini toka nje ya uwanja, simama chini ya miembe ya mtaani, urushe kisahani cha plastiki. Hewa ileile iliyomkirimu jirani itakunyima wewe.

Gofu ya visahani haina mengi ya kufundisha. Unarusha kuelekea shabaha, unakifuata kisahani, unarusha tena kutoka kilipotua, na anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Mmarekani Ed Headrick, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Wham-O, ndiye aliyeupa mchezo huu uwanja wake wa kwanza wa kudumu, Oak Grove, California, mwaka 1975. Baadaye akabuni kikapu chenye minyororo inayokidaka kisahani. Kabla ya hapo watu walilenga miti na nguzo, na mtaani Golf hakuna sababu ya kuona aibu kufanya hivyohivyo: shina la mwembe, jiwe la pembeni mwa njia, nguzo iliyoachwa bila waya. Mradi usilenge lango la parseli ya mtu, yaani kiwanja cha nyumba yake.

Sasa turudi kwenye hewa. Kisahani hubebwa na mambo mawili: mwendo wake na mzunguko wake. Mwendo huifanya hewa ikisukume juu, kama ilivyo kwa bawa la ndege. Mzunguko hukizuia kupinduka, kwa kanuni ileile inayoifanya pia ya mtoto isimame kwa ncha yake. Ila ukiisukuma pia inayozunguka, haianguki upande uliosukuma, huinama pembeni. Kisahani nacho ni hivyo. Anayerusha kwa mkono wa kulia, akivuta mkono kutoka upande wa kushoto wa kifua, hukizungusha kufuata mshale wa saa. Kikiwa na kasi kubwa, hewa hukisukuma zaidi sehemu ya nyuma, nacho hulalia kulia. Kasi ikipungua, msukumo huhamia mbele, nacho hulalia kushoto na kutua huko. Mrusho mzuri una umbo la herufi S iliyovutwa.

Hewa ikiwa nyepesi, misukumo yote hiyo hupungua. Kile kipande cha kwanza, cha kulalia kulia, hufifia au hakionekani kabisa. Uwezo wa kuelea hushuka, kisahani kinaanza kuanguka mapema, na mwisho wa safari, kule kushoto, ndio unaobaki kutawala. Mgeni aliyejifunzia pwani atadhani mkono wake umeharibika. Hesabu ya makadirio inatosha kumtuliza. Nguvu ya kuinua hutegemea uzito wa hewa na kasi mara kasi; hewa ikipungua kwa asilimia 13 hivi, inabidi kuongeza kasi kwa asilimia 7 ili kuinuliwa vilevile. Asiyeweza kuongeza kasi apunguze uzito: kisahani cha gramu 175 kule pwani kinalingana, kwa kuelea tu, na cha gramu 152 hapa. Mimi ningechagua kupunguza uzito. Mkono una mipaka yake.

Upepo nao unahesabika kama hewa ya ziada. Ukija usoni, kisahani hudhani kina kasi kubwa zaidi na kugeukia kulia. Ukitoka mgongoni hukiangusha. Miezi ya kiangazi hapa upepo mwingi hutoka kusini-mashariki, lakini kuta za parseli huuvunja na kuurudisha kwa namna asiyoijua mtu isipokuwa mwenye nyumba.

Kinachoipa Katanga, eneo lenye mji huu wa Lubumbashi, sura yake katika mchezo wowote wa uwanjani, hata hivyo, ni vichuguu. Mchwa wa jamii ya Macrotermes falciger wamejenga katika nchi ya miombo kuzunguka Lubumbashi vilima vinavyofika mita 8 kwenda juu na zaidi ya mita 14 upana, na vipimo vya kaboni vimeonyesha baadhi yake vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Ni vikongwe kuliko mji, uliozaliwa 1910, na kuliko mgodi wowote wa wazungu. Udongo wake umechimbwa sana kwa matofali, ndiyo maana katikati ya mji vimebaki vichache. Ng'ambo ya mpaka, Ndola, Zambia, wachezaji wa gofu wamezoea kuvizunguka vichuguu uwanjani mwao. Jinja, Uganda, kanuni ya klabu ilimruhusu mchezaji kuuondoa bila adhabu mpira ulioingia kwenye alama ya mguu wa kiboko. Uwanja wenye hila kama hizo, kwangu, unashinda majani yaliyonyolewa.

Kwa kisahani, kichuguu ni shabaha ya ajabu. Ukirusha kutoka chini kwenda kileleni, na hewa haikibebi, lazima uinue ukingo wa mbele, jambo linaloua kasi. Ukikosa, usitegemee kitulie: kisahani kikigusa mteremko kwa ukingo, husimama na kubiringika hadi chini, wakati mwingine mbali kuliko ulikokirushia. Dawa yake ni kukirusha polepole, kitue kwa tumbo. Mvua za Novemba zikianza, udongo mwekundu hushika kila kitu; beba kitambaa, kwani plastiki yenye tope huponyoka vidoleni. Na kama kilichopanda kileleni si kisahani chako tu bali pia mahindi ya mtu, piga hodi kwanza kwa mwenye shamba.