Maji, Kalenda na Madhehebu ya Yerusalemu

Wasomaji wengi wa Agano Jipya wanawajua Masadukayo kwa jambo moja: walikana ufufuo. Paulo aliposimama mbele ya Baraza la Yerusalemu alitaja tu tumaini la ufufuo, na papo hapo Mafarisayo na Masadukayo wakaanza kuvutana wao kwa wao. Josephus, mwanahistoria Myahudi, naye aliyapanga madhehebu kwa imani zao kuhusu roho na majaliwa. Lakini huyo aliwaandikia Warumi na Wayunani, waliopenda habari za wanafalsafa. Wayahudi wenyewe waligombania zaidi mambo ya kutenda.

Mfano ni maji. Ukimimina kutoka chombo safi kwenda chombo najisi, je, unajisi hupanda na mchirizi hadi chombo cha juu? Mafarisayo walisema haupandi. Masadukayo waliwalaumu kwa hilo, na lawama hiyo imo katika Mishna, kitabu cha sheria za marabi kilichokusanywa mnamo mwaka 200 BK. Kisha, katika karne ya 20, magombo ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi yakatoa waraka wenye msimamo mkali uleule wa Masadukayo. Wataalamu wengi huwahesabu watu wa Qumran kuwa Waesene, dhehebu jingine, ambao Josephus anasema waliamini roho haifi, tofauti na Masadukayo. Basi mipaka ya madhehebu haikunyooka kama tunavyofundishwa.

Kalenda ilitenganisha watu zaidi. Qumran walihesabu mwaka wa siku 364, majuma 52 kamili, hivyo kila sikukuu iliangukia siku ileile ya juma. Hekaluni walifuata mwezi. Ufafanuzi wa watu wa Qumran juu ya kitabu cha nabii Habakuki unamshutumu “Kuhani Mwovu” kwa kumwandama kiongozi wao hadi alikokimbilia, tena Siku ya Upatanisho. Kuhani angethubutuje kusafiri siku nzito kama hiyo? Jibu la wataalamu wengi ni kwamba kwake ilikuwa siku ya kawaida.

Mwaka 70 BK Warumi waliteketeza Hekalu. Masadukayo, ambao nguvu zao zilikuwa kwa makuhani wakuu na matajiri, walitoweka. Marabi waliorithi mengi ya Mafarisayo waliweza kuendelea bila madhabahu, kwa kuwa usafi, sala na mapokeo ya wazee vilikuwa tayari majumbani. Ndio waliotunza Mishna. Kwa Masadukayo hakuna andiko linalojulikana kwa hakika kuwa lao. Karibu yote tunayoyajua juu yao yameandikwa na wapinzani.