Kabla ya Kumwita Nyumbani Aliye Marekani, Ulizeni Ana Karatasi Gani

Si jambo geni tena vijijini mwetu kusikia kijana wa fulani ameenda Marekani kukaa. Wengine walishinda ile bahati nasibu ya viza, ambayo viza zake za kwanza zilitolewa kwa mwaka 1995. Wengine waliitwa na mume, mke au mzazi. Kikundi hufanya harambee ya tiketi, watu hukodi matatu kwenda kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege, na tukisikia ametua tunasema, basi, amefika. Lakini siku anapotua, kadi yake ya ukazi, ile watu huiita grini kadi, bado haijatengenezwa. Itamfuata baadaye kwa posta. Na hapo katikati, kabla kadi haijafika, ndipo simu hupigwa kutoka nyumbani: baba ametuacha, njoo tumzike.

Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea swali la namna hii. Mwenzao alikuwa amefiwa na mume. Kifungua mimba wao alikuwa Marekani wiki saba tu. Kikundi kilikuwa tayari kutoa pesa sandukuni ili kijana aje, lakini kwenye mkutano mzee mmoja akasimama akasema kijana asithubutu kutoka, ati akitoka bila kadi atafungiwa nje na zile pesa zote za kumpeleka zitakuwa zimemwagika. Mwingine akasema hapana, huyo ni mkazi wa kudumu, anatoka na kuingia apendavyo. Mkutano ukaisha bila uamuzi, na mwili uko mochari, gharama inapanda kila siku. Tukaulizwa, nani kati ya hao wawili amesema kweli?

Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Ukazi wa kudumu hauanzi na kadi. Kwa mtu aliyetoka hapa na viza ya uhamiaji, unaanza pale afisa wa mpakani anapomkubali kuingia. Kadi ni ushahidi tu. Ni kama shamba ambalo limeshaandikwa kwa jina lako lakini hati bado iko ofisini: shamba ni lako, sawa, lakini mtu akikuuliza utamwonyesha nini? Kwa msafiri, wa kwanza kuuliza si Marekani. Ni karani wa shirika la ndege pale Jomo Kenyatta. Shirika likimbeba mtu asiye na karatasi za kuingilia linatozwa faini, kwa hivyo karani akiwa na shaka atamwacha chini.

Sasa, aliyeingia kwa viza ya uhamiaji hakuachwa mikono mitupu. Fungueni ile pasipoti mtazame viza yenyewe. Upande wa chini kuna maneno madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba viza hiyo, ikishagongwa muhuri wa kuingia, ni ushahidi wa ukazi wa kudumu kwa muda wa mwaka mmoja. Yaani viza na muhuri wa tarehe ya kuingia, zikiwa pamoja, zinafanya kazi ya kadi kwa huo mwaka. Kwa ukurasa huo mtu anaweza kutoka Marekani na kurudi. Yule mzee aliyesema kijana atafungiwa nje hakujua habari ya ukurasa huu, na hatumlaumu, kwani hata makarani wengine hausomi vizuri.

Tutaeleza jambo la tarehe polepole maana ndilo huwachanganya watu. Viza ina tarehe yake ya kwisha, iliyopigwa chapa. Tarehe hiyo inasema siku ya mwisho ya kuitumia kuingia mara ya kwanza, na mara nyingi ni miezi sita au chini yake tangu viza itolewe. Mwaka mmoja wa muhuri ni hesabu nyingine kabisa. Tuseme viza imeandikwa kwamba inakwisha tarehe 10 Julai 2025, na mwenyewe aliingia tarehe 3 Machi 2025. Akija nyumbani mwezi wa Oktoba, karani ataona Julai imepita na kusema viza imekufa. Haijakufa. Mwaka unahesabiwa kutoka ule muhuri wa Machi 2025 mpaka mwanzo wa Machi 2026. Msafiri aonyeshe muhuri, aonyeshe yale maneno ya chini, na karani akiendelea kukataa aombe kwa heshima aitiwe mkubwa wake. Ndiyo sababu tunasema afike uwanjani mapema sana, saa nne au tano kabla ya ndege kuondoka. Mabishano haya huchukua muda na ndege haingoji mtu.

Kwa hivyo kabla pesa hazijatoka sandukuni, mwambieni kijana apige picha ya ukurasa huo na kuutuma kwa simu. Someni tarehe ya muhuri. Hesabuni kama mwaka utakuwa bado unaendelea siku ya kurudi, si siku ya kuja. Aliyebakiza wiki mbili na anataka kukaa nyumbani mwezi mzima anajitafutia shida mwenyewe.

Njia ya ndege nayo ina maneno. Safari nyingi hupitia London, Amsterdam, Dubai au mahali pengine, na kila nchi ina masharti yake kwa Mkenya anayepita tu. Nyingine hudai viza ya kupitia, na si zote zinazotambua muhuri kama zinavyotambua kadi. Ulizeni kwanza kabla ya kununua tiketi ya bei rahisi. Kenya Airways ilianza kwenda New York moja kwa moja mwezi wa Oktoba 2018. Ndege isiyosimama nchi ya tatu humwondolea msafiri huyu swali zima, hata kama tiketi yake ni ghali kidogo.

Je, akae nyumbani muda gani? Matanga yetu mnayajua. Mtu huja kwa wiki moja, kisha kuna mambo ya shamba, kisha mama hataki kuachwa peke yake, na ghafla ni miezi mitano. Kwa mkazi mpya hili ni la hatari kuliko kukosa kadi. Akipitisha siku 180 nje, akirudi atahesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na maafisa wana haki ya kuuliza kama kweli anaishi Marekani au anatembelea tu. Akipitisha mwaka, hata kadi yenyewe haimtoshi tena. Anayejua atachelewa anaweza kuomba kibali cha kurudia, ambacho huweza kupewa muda wa mpaka miaka miwili, lakini ombi hilo lazima alipeleke akiwa bado ndani ya Marekani. Ukishafika kijijini umechelewa.

Na aliyekaa kule wiki chache tu, asishangae akiulizwa maswali mengi anaporudi. Abebe kitu cha kuonyesha kwamba makao yake yako huko: barua ya kazi, karatasi ya nyumba, za benki, na tiketi ya kurudi aliyoikata tangu mwanzo. Nakala ya kibali cha mazishi pia inaeleza kwa nini aliondoka haraka. Jambo moja tunalisisitiza. Kuna fomu inayoitwa I-407, ya mtu kuuacha ukazi wake kwa hiari. Akipewa hiyo mpakani asitie sahihi kwa sababu ya uchovu au woga. Asiyekubali kwamba ameuacha ukazi ana haki ya kupeleka jambo hilo mbele ya hakimu wa uhamiaji.

Tukirudi kwa kadi yenyewe, wengine hungoja mpaka wanachoka bila kujua kosa liko wapi. Kadi haitengenezwi mpaka ile ada ya mhamiaji ilipwe kwa idara ya uhamiaji ya Marekani. Ilipandishwa kuwa dola 235 mwezi wa Aprili 2024, na si sehemu ya ada ya viza iliyolipwa ubalozini. Asiyeilipa anabaki mkazi halali, lakini mwaka wa muhuri utakwisha na kadi haitakuja. Mwenye kulipa hungoja mpaka siku 90 hivi, zikihesabiwa tangu siku ya kuingia au siku ya kulipa, ile iliyo ya mwisho. Kadi hutumwa kwa anwani aliyoitaja, mara nyingi ya mwenyeji aliyempokea. Akihama kwa huyo mwenyeji bila kuarifu (na vijana huhama, wakifuata kazi) kadi hurudishwa ilikotoka, maana posta haitumi barua hizo mbele. Sheria inamtaka atoe habari ya kuhama ndani ya siku 10. Basi kabla ya kupanda ndege kuja mazishini, amwambie mwenyeji afungue sanduku la barua kila siku na kuiweka kadi mahali salama.

Kama pasipoti yenye muhuri itaibiwa hapa nyumbani, mambo yanakuwa magumu kidogo lakini si mwisho. Aandikishe polisi siku hiyo hiyo, aanze kutafuta pasipoti nyingine, kisha aulize ubalozi wa Marekani pale Gigiri kuhusu fomu I-131A. Hiyo ni ya mkazi aliyepoteza ushahidi wake akiwa nje chini ya mwaka mmoja, na ikikubaliwa hupewa karatasi ya kupandia ndege mara moja. Ada yake kwa miaka mingi imekuwa dola 575. Nakala ya ule ukurasa itasaidia sana hapo, ndiyo maana hatuchoki kusema piga picha.

Hadi hapa tumezungumza juu ya aliyetoka hapa na viza ya uhamiaji. Lakini kuna yule aliyekwenda kama mwanafunzi au mgeni, akaomba ukazi akiwa huko huko ndani. Huyu hana viza ya uhamiaji kwenye pasipoti. Ombi lake likikubaliwa atapata barua, na barua hiyo peke yake haimtoshi karani wa ndege. Akiitwa kabla ya kadi kufika, aombe idara ya uhamiaji impigie muhuri wa ukazi kwenye pasipoti kabla hajaondoka. Akieleza dharura ataulizwa ushahidi, na hapa kikundi kina kazi ya kweli: mmoja aende siku hiyo hiyo kuchukua barua ya hospitali na kibali cha mazishi, apige picha zinazosomeka na kumtumia. Tumeona mtu akingojea karatasi hizo siku nne kwa sababu kila mmoja nyumbani alidhani mwenzake amezituma.

Na kama ombi lake bado halijaamuliwa, hapo yule mzee wa mkutano alisema kweli tupu. Kwa kawaida anayetoka kabla ya uamuzi, bila kibali maalum cha kutoka na kurudi kilichokwisha kutolewa mkononi mwake, huhesabiwa ameliacha ombi lake. Kwa huyo msimshurutishe. Azungumze na wakili wa uhamiaji wa huko kabla ya kusema ndiyo, na ikibidi azike kwa simu. Tunajua ni maneno mazito kumwambia mtoto wa kwanza.

Wenye watoto Canada wasichukue haya kama yalivyo. Kule ile karatasi ya kuthibitisha ukazi haitumiki kusafiria, na viza aliyoingilia mara nyingi ni ya mara moja. Aliyetoka kabla ya kadi kufika hulazimika kuomba hati maalum ya safari akiwa huku nje ili aruhusiwe kupanda ndege kurudi, na majibu huchukua muda. Ni afadhali angojee kadi ikiwezekana.

Yule kijana wa wiki saba, tulipoomba picha ya pasipoti yake, tulikuta viza ya uhamiaji na muhuri uliosomeka vizuri. Ada ilikuwa imelipwa. Kikundi kikatoa nusu ya tiketi, yeye mwenyewe na ami yake wakatoa nusu. Alikuja, akamzika baba yake Jumamosi, akakaa siku kumi na mbili. Kule uwanjani karani alimweka kando karibu saa nzima mpaka mkubwa wake alipokuja kusoma yale maneno madogo. Kadi ilifika kwa ami yake kijana akiwa bado huku nyumbani. Mama yake ameweka nakala ya ule ukurasa katika sanduku la bati, pamoja na kitambulisho cha marehemu.