Kumzoesha Paka Mchanga Mwoga Kutoka Nje

Mara nyingi tunaulizwa na watu waliopata paka mchanga, ama kwa kununua ama kwa kupewa na jirani, kwa nini mnyama huyo hukimbilia uvunguni mwa kitanda kila mlango wa nje unapofunguliwa. Wengi hudhani kwamba ni mgonjwa, au kwamba wameuziwa mnyama mwenye kasoro. Kwa kawaida sivyo. Paka huizoea dunia katika wiki za mwanzo kabisa za maisha yake, takriban kati ya wiki ya 2 na ya 7. Aliyelelewa wakati huo katika stoo tulivu, bila ya kusikia pikipiki, vishindo vya watoto wala mlio wa sufuria, huviona vitu hivyo baadaye kuwa ni hatari. Anayetaka paka wa kuishi uani na amuulize mwenye paka mama maswali mawili: watoto hao walizaliwa wapi, na wameanza kushikwa na watu tangu lini. Majibu hayo yana thamani kuliko rangi ya manyoya.

Mlango usifunguliwe kabla ya chanjo kukamilika. Chanjo ya mafua ya paka na ya ugonjwa wa kuharisha unaoua paka wachanga huanza kutolewa wapatapo wiki 8 au 9, kisha hurudiwa. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3. Tunasisitiza hii ya mwisho, kwa kuwa licha ya jina lake, ugonjwa huo humpata paka na humuua binadamu. Chanjo hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Mtu anayepita mitaani na chupa mfukoni, hata akiuza kwa nusu ya bei, anauza maji. Dai kadi yenye jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe, saini na muhuri wa daktari wa mifugo, pamoja na risiti. Katika safari hiyohiyo uliza juu ya kumhasi dume au kumfunga kizazi jike, kwani jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na dume asiyehasiwa huzurura mbali na kupigana.

Hakuna haja ya kununua vitu vingi. Tenga lenye mfuniko linatosha kumpeleka kwa daktari. Ukinunua mkanda wa shingoni, chagua wenye kifungo kinachoachia chenyewe kinapovutwa kwa nguvu. Mkanda wa kamba au wa ngozi usioachia umewanyonga paka wengi walionasa kwenye matawi na senyenge. Uujaribu dukani kwa mikono yako kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwenye kutoka kwenyewe, ambako haraka ndiyo adui. Paka aliyehamia nyumba mpya na akae ndani wiki 3 au 4 kwanza, hata aijue nyumba hiyo kwa harufu yake. Huyo hutambua kwake kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Ndiyo maana hujisugua mashavu kwenye miguu ya viti na ya watu. Chukua kitambaa anacholalia ukitandike karibu na mlango, upande wa nje. Kisha chagua saa ambayo mtaa umetulia, alfajiri au jioni kabla ya chakula chake, akiwa na njaa kidogo ili kumwita kurudi kuwe rahisi. Fungua mlango, ukae kizingitini, unyamaze. Usimbebe kumtoa nje. Paka aliyebebwa na kuwekwa katikati ya ua hajui njia ya kurudia, na hofu itampandisha juu ya paa la jirani.

Siku ya kwanza huenda akatoa pua tu. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa siku moja. Masikio yakilala nyuma, mboni zikipanuka na tumbo likishuka hadi chini, mwache arudi, wala mlango usifungwe nyuma yake akiwa bado nje. Mkia ukisimama wima, amefurahi. Akirudi akiitwa, mpe kipande cha dagaa papo hapo. Dakika 5 kila siku zafaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki, na wengine huhitaji miezi. Wekeni pia mahali pa kujificha uani, kama vile kasha lililolazwa ubavu au chungu kilichopasuka, maana anayejua pa kukimbilia huthubutu kwenda mbali zaidi. Katika miji ya pwani, waangalieni kunguru: humwandama paka mdogo kwa makundi, na tukio moja la namna hiyo hurudisha nyuma kazi ya mwezi mzima.

Mengine ni ya nyumbani na ya jirani. Dawa ya viroboto ya mbwa isitumiwe kwa paka kamwe. Nyingi zina permethrini, ambayo haimdhuru mbwa lakini humtia paka mtetemeko na huweza kumuua. Muuzaji akikuambia ni dawa moja, soma lebo mwenyewe. Uwaulize majirani kama wanatega sumu ya panya, kwa kuwa paka akila panya aliyekufa kwa sumu naye hudhurika. Asubuhi gonga boneti ya gari kabla ya kuliwasha, kwani paka hupenda joto la injini.

Paka wako akimng'ata au kumparura mtu, au yeye mwenyewe aking'atwa na mnyama asiyejulikana, usingoje kuona dalili. Kidonda cha mtu kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Paka naye apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na ile kadi yake.

Na wapo paka ambao, hata baada ya subira yote, hubaki kuwa wa dirishani. Paka wa namna hiyo haumwi.