Hapo Pana Mtu Amelala

Jumamosi moja pale Kaole, kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, kijana mmoja alikalia kaburi ili rafiki yake ampige picha. Ni mojawapo ya makaburi ya mawe ya matumbawe ya watu walioswali katika misikiti miwili ambayo leo imebaki magofu. Kijana hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na kaburi lilikuwa na kimo cha kiti.

Mwongoza wageni akamwambia, "Kaka, huo ni utovu wa adabu." Mwanamume mwingine kundini, mwenye kofia ya viua na hasira ya ghafla, akasema hiyo ni kufuru. Bibi mmoja aliyekuja na ubani wake kwenye kaburi la Sharifa, ambako watu wa pwani huja kuweka nadhiri, alisema tu, "Mwanangu, hapo pana mtu amelala." Mwenye kofia akamgeukia na yeye: huo ubani, akasema, ni ushirikina.

Nimekuwa nikiyapima maneno yale tangu siku hiyo. Naamini Kiswahili cha pwani hii kilituachia mizani ya makosa ya namna hii, nasi tunaiacha ipate kutu.

Mtovu ni mtu aliyepungukiwa. Mtovu wa adabu, mtovu wa haya, mtovu wa fadhila: neno linasema kuna kitu hajafunzwa, na ambacho hajafunzwa anaweza kufunzwa. Ndiyo maana linamfaa mtoto na mgeni. Fidhuli amekwenda mbele zaidi, kwa kuwa adabu anaijua ila anaivunja kwa kiburi. Mwenye kudhihaki anakicheka kitu ambacho mwenzake anakililia. Wazee wa madrasa wana neno stihizai, dhihaka inayoelekezwa kwenye dini yenyewe na mtu anayejua anachofanya. Kunajisi ni kosa la mkono: msikiti, kanisa au msahafu umeguswa kwa uchafu.

Kufuru ndiyo nzito kuliko zote. Katika Kiarabu mzizi wake ni kufunika. Anayekufuru amepewa neema akaifunika. Kafara, ile sadaka ya kuondoa balaa, imetoka kwenye mzizi huohuo, kwani nayo hufunika, ila inachofunika ni dhambi. Kukashifu, neno tunalolikimbilia leo kila dini inapotukanwa, asili yake ni kufunua: kumvua mtu sitara yake hadharani. Mmoja amefunika cha Mungu, mwingine amefunua cha mwenzake, halafu sisi tunawaita wote kwa jina moja.

Neno kufuru nililisikia kwanza msibani. Shangazi yangu alifiwa na mwanawe, akawa anauliza kwa sauti kwa nini iwe yeye. Bibi yetu akamshika mabega: "Usikufuru, mwanangu." Hakuwa akimtoa katika dini. Alikuwa akimvuta arudi kabla hajafika mbali. Neno lilisemwa kwa sauti ya chini, na mtu aliyempenda. Leo nasoma katika kurasa za michezo kwamba klabu "imefanya kufuru" kwa kusajili mchezaji ghali, na nasikia habari za jumba "la kufuru". Inaniuma. Bibi angemwambia nini shangazi siku ile, kama neno hilo lingekuwa limekwisha kuzoeleka kwa bei za wachezaji?

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walikuta lugha ambayo tayari ilikuwa imemzungumzia Mungu kwa karne nyingi. Dhambi, sala, laana, shetani, hata kufuru yenyewe, ni maneno ambayo Wakristo waliyapokea kwa majirani zao Waislamu. Mpaka leo padri na shehe wa mji ule humwonya muumini wao kwa neno lilelile.

Lakini mji huo ulilea pia neno lililodhulumu: mshenzi. Enzi za misafara, mtu wa bara aliyeshuka pwani na pembe begani au mnyororo shingoni aliitwa hivyo, maana yake hana dini wala ustaarabu. Yahya bin Abdallah, tunayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Manyema, huko bara, akiwa mtoto, mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa shehe mkubwa wa Bagamoyo. Hata zikri ya tarika yake, yenye pumzi nzito na miili inayoyumba, wapo wanazuoni walioiita bidaa, yaani uzushi katika dini, na wapo waliotokwa na machozi ndani yake kwa unyenyekevu.

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana kuhusu msahafu, na mmoja akaukojolea. Lilikuwa tendo baya, nalo lilihitaji wazazi, walimu na wazee wa pande zote mbili wakae chini. Badala yake neno kubwa kuliko yote ndilo lililotangulia mitaani, na makanisa yakavamiwa na kuchomwa moto. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inayatambua makosa haya, kuanzia kifungu cha 125 cha kuitukana dini hadi cha 129 cha maneno ya kuumiza hisia za kidini. Vifungu hivyo vyote viwili vinauliza kwanza nia ya mtu, kama wanavyouliza mashehe.

Nia ya kijana wa Kaole ilikuwa picha. Aliposikia sauti ya yule bibi mwenye ubani aliruka chini kama aliyeungua. "Shikamoo bibi. Naomba unisamehe, sikujua."

"Marahaba, baba," bibi akajibu, akarudi kwenye ubani wake.

Mwenye kofia alikuwa bado anazungumza. Kijana akachuchumaa, akaanza kufuta kwa kiganja chake vumbi alilokuwa ameliacha juu ya jiwe.